Mwaka Niliposhuhudia Kwamba Nimepona

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu ni ya sikio langu mwenyewe. Lilikuwa sikio la kushoto, nalo lilitoa usaha tangu surua iliponipata nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Lilinuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa bila kuoshwa. Watoto wenzangu walinitengea nafasi mwisho wa mkeka, na wakati wa kula sima nilijua kusubiri mikono mingine ishuke kwanza. Tuliishi kambini, katika shamba la mzungu upande wa Kitale, mahali ambapo mahindi yalianza nyuma ya nyumba yetu na, kwa macho ya mtoto, yakaishia chini kabisa ya Mlima Elgon. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitler. Baba aliswaga maksai wa kulimia. Mama alipalilia, na baada ya mavuno alipukuchua mahindi pamoja na wanawake wengine mpaka vidole vikafanya malengelenge. Kila jioni, kabla ya kuinjika sufuria, alinilaza kichwa pajani, akalisafisha sikio kwa unyoya wa kuku, kisha akadondosha matone mawili ya mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, nami nilisinzia. Lakini sikio lile lilikwisha kufa. Ungeweza kulinong'onezea siku nzima na mimi nikaendelea kuchora chini kwa kijiti.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Nafula, binti wa mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nafula hakuwahi kuniuliza habari za sikio. Alitembea tu upande wangu wa kulia, siku zote, wala hakulisema jambo hilo kama fadhila. Msimu wa kulima wa mwaka ninaousimulia alikuwa amechomwa muundini na kisiki cha bua la mahindi. Kidonda kilianza kama tundu la mwiba, kikapanuka siku hata siku mpaka kikafikia upana wa kiganja changu. Mama yake alimpeleka hospitali mjini Kitale mara mbili kwa juma, akimbeba mgongoni, ijapokuwa msichana wa miaka tisa si mzigo wa mgongo. Huko walikiosha, wakakifunga bandeji, wakamdunga sindano. Kila aliporudi Nafula aliinua ukingo wa bandeji anionyeshe, kwa majivuno, maana katika kambi ile hapakuwa na mtu mwingine mwenye kitu cheupe namna hiyo mwilini. Kwa hiyo nasema niliyoyaona mwenyewe. Usaha ulipungua, na nyama nyekundu, safi, ikaanza kuchomoza pembeni. Kile kidonda kilikuwa kinapona.

Ndipo akaja Mwalimu Zakaria kutoka upande wa Bungoma, juu ya baiskeli nyeusi, amevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani na kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Mzungu wetu alikuwa na shaka na kila mkusanyiko wa watu weusi, lakini alimruhusu ahubiri Jumapili penye uwanja wa kuanikia mahindi, kwa masharti kwamba nyapara akae karibu na kusikiliza. Watu wa shamba lile walikuwa mchanganyiko, Wabukusu, Wasabaoti, Wateso na wengineo, na kwa hiyo ibada ilikuwa ya Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Zakaria alikuwa na taratibu mbili. Ya kwanza ilikuwa kukiri: mtu alisimama katikati na kutaja dhambi zake mbele ya wote, na hapo tulisikia nani aliiba gunzi, nani alimlaani mkwewe, nani alikojolea shina la kahawa ya mzungu makusudi. Ya pili ilikuwa kikapu. Mwenye kutaka kuombewa alitia humo dawa zake zote, za mganga na za hospitali bila ubaguzi, na hakuzigusa tena kwa siku ishirini na moja. "Huwezi kushika Mungu na mkono mmoja," alisema, "na ule mwingine umeshika chupa ya dawa. Mungu si mjinga. Ataangalia ule mkono mwingine."

Msomaji atadhani namleta hapa tapeli, basi nimvunje moyo mapema. Nimemchunguza mtu huyo kichwani mwangu kwa miaka mingi na sijampata na wizi. Hakuchukua kuku wa mtu. Alipoomba alilia machozi ya kweli, na mara nyingi alifunga mpaka midomo ikapasuka. Mimi ni mtu wa kushuku; nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na zaidi, na wanafunzi walisema mwalimu Nekesa hunusa jibu la kunakili kabla daftari halijafunguliwa. Ningelala vizuri zaidi kama ningeweza kusema Zakaria alikuwa mwizi, maana mwizi anajulikana dawa yake. Yeye aliamini. Baba aliamini pia, au alitaka sana kuamini, na wakati ule alikuwa ametajwa kuwa mzee wa kanisa lile changa.

Siku yangu ilipofika, Mama alitia kikapuni unyoya na kichupa cha mafuta, kwa uso usiosema kitu. Nilipigishwa magoti juu ya gunia. Mikono ilinishika kichwa, mingi, mizito, yenye harufu ya moshi na ng'ombe, na watu wakaomba wote kwa pamoja kwa sauti. Niliogopa. Nilidhani kama sitapona nitakuwa nimewafedhehesha wote, kuanzia Baba mpaka Mungu. Kisha Zakaria akanyamazisha watu. Aliileta baiskeli yake nyuma yangu, usukani ukanigusa bega la kushoto, akaipiga kengele. Kling! "Umesikia nini?" aliniuliza. Sasa niambieni, sikio langu la kulia lilikuwa zima kama la sungura, na hapana aliyekumbuka kuliziba. Katika umati ule wa watu wazima, wenye akili zao, waliojua kutambua ng'ombe aliyepotea kwa kwato zake tu, hakuna hata mmoja aliyeweka kiganja kwenye sikio lile la pili. "Kengele," nikasema. Haukuwa uongo. Niliisikia. Vigelegele vikapasuka, Baba akaniinua juu ya mabega yake, na jioni ile nikala katikati ya mkeka, paja la kuku likiwekwa mbele yangu na wale wale watoto walionikimbia.

Uongo wenyewe ulikuja polepole. Zakaria alinichukua kila Jumapili kwenda kushuhudia, Baba akitufuata kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima: mashamba ya jirani kwanza, halafu safari ndefu mpaka Matulo kwa ndugu zetu, ambako bibi zangu walinishika sikio na kulia. Ulimi hauna mfupa. Mara ya kwanza nilisema nilisikia kengele. Mara ya tatu nilikuwa nimesikia ndege asubuhi. Kufika Matulo nilikuwa nasikia hata siafu wakitembea, na watu walisema amina. Nilipenda kusimama mbele ya watu, sifichi. Mtoto aliyezoea mwisho wa mkeka hulewa upesi akiwekwa katikati. Usaha nao uliendelea, na kwa kuwa Mama alikuwa amekatazwa unyoya, nililifuta sikio mwenyewe kisimani kwa kitambaa na kuziba tundu kwa kipande cha pamba, kisha nikavuta leso mpaka karibu na jicho. Waliponusa, walijifanya hawakunusa. Jambo moja ndilo lililonifundisha kushuku. Tangu siku ile ya kengele, Baba alisimulia kwa kila mtu jinsi nilivyofunguliwa, na huku kila alipotaka kunituma jambo alinizunguka kwanza, akasimama kulia, ndipo akanena. Zamani alikuwa akisahau na kuniita kutoka kushoto mara nyingi. Sasa hakusahau hata siku moja. Nilimtazama akizunguka nikajua kwamba anajua, naye alinitazama akajua kwamba nimejua, na hatukuambiana chochote.

Mama Nafula aliniona nikishuhudia, si mara moja. Alikuwa amechoka kubeba mtoto mgongoni. Barabara ya Kitale na mzigo ule ni kitu cha kumfikisha mtu popote. Jumapili moja aliposikia nimemaliza siafu wangu, alisimama, akamfungua Nafula bandeji mbele ya watu, akaikunja vizuri na kuitia kikapuni. "Kama Mungu amefungua sikio ya huyu mtoto," akasema, "mguu ya wangu ndio itamshinda?" Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na midomo yangu ilifunguka, na sikusema neno. Kwa siku ishirini na moja hapatakuwa na hospitali, wala sindano, wala maji ya dawa. Kidonda kilifunikwa kwa jani la mgomba ili nzi wasikiguse.

Wiki ya kwanza Nafula alijikokota nje akakaa nami. Wiki ya pili hakutoka. Nilipoingia kwao nilikutana na harufu mlangoni, na mimi, mwenye sikio lile, nilirudi nyuma hatua moja. Nyama nyekundu niliyokuwa nimeiona ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Alikuwa na homa, macho yake yaking'aa kupita kiasi. Alinivuta mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, bila wivu, kama mtu anayeuliza njia: "Nekesa, wewe ulifanyaje mpaka ukapona? Mimi naamini, lakini kama hainiingii." Nikamwambia, "Amini tu zaidi." Nimeyasema maneno mengi mabaya katika umri wangu, lakini hayo ndiyo ningeyalipia kwa chochote yasiwe yametoka kinywani mwangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na nilianza kusikia kilio chenyewe kabla hakijapigwa. Niliona wazi, nikiwa na miaka tisa, kwamba Nafula atakufa, na kwamba ni kwa sababu yangu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kukiri, nilisubiri mama mmoja amalize kutubu habari za maziwa aliyotia maji, nikasimama. Nikasema, "Sikio langu halijapona. Siku ile nilisikia kengele na hili lingine. Siafu nao niliwatunga." Nikadhani sasa yamekwisha, watakimbia kumchukua Nafula. Lakini Zakaria alinijia taratibu, akaniwekea mkono begani, na huruma iliyokuwa usoni mwake ndiyo iliyonimaliza. "Mnaona, ndugu?" akasema. "Mnaona vile Shetani anafanya kazi? Huyu mtoto sisi wote tulimwona amepona. Si mlimwona?" Tulimwona, wakajibu. "Si alisikia kengele?" Alisikia. "Basi adui amekuja, amemnyang'anya uponyaji, na sasa anamtia maneno mdomoni ili wengine waogope." Wakanizunguka, wakaniombea upya, kwa nguvu zaidi, huku nikipiga kelele kwamba sijawahi kupona, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyomkemea Shetani. Kati ya mikono ile nilimwona Mama Nafula. Alikuwa anaomba pamoja nao, amefumba macho. Baba alikuwa ametazama chini, anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

Tulirudi nyumbani. Mama alitandaza gunia, akakaa kupukuchua mahindi ingawa ilikuwa Jumapili, na mimi nikakaa mkabala naye. Baada ya muda alisimama akaja kuchutama nyuma yangu. Kiganja chake, chenye unga wa mahindi na malengelenge, kilifunika sikio langu la kulia barabara. Nilihisi pumzi yake ikipiga shingo upande wa kushoto. Kisha akaondoa mkono. "Nimesema nini?" "Sijui, Mama." Akafunika tena. Pumzi ikaja, ndefu zaidi. "Na sasa?" "Sijui." Mara ya tatu pumzi ile ilikuja ikikatikakatika, na aliponiachilia nilimwona analia. Sikuwahi kujua alichoniambia mara zile tatu, na sikumuuliza. Alijipangusa, akafunga leso kiunoni, akaenda nyumba ya tatu.

Niliwasikia kutoka nje. Mama Nafula alikataa kwanza, akasema imebaki wiki moja tu, atavunjaje nadhiri ya Mungu na imebaki wiki moja? Mama alimwambia, "Mimi nimepima mtoto wangu kwa mkono yangu. Hasikii kitu. Hajasikia hata siku moja. Wewe pima wako. Nusa tu, dada yangu." Kisha kukawa kilio. Asubuhi yake nilimwona Baba, mzee wa kanisa, akifunga maksai wa mzungu kwenye gari la ng'ombe bila kumwomba mtu ruhusa, jambo ambalo lingeweza kututoa shambani sote. Hakumtazama Mama wala mimi. "Leteni blanketi," alisema, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema kuhusu habari nzima mpaka tulipomzika.

Huko Kitale waliukata mguu juu ya goti, na Nafula akaishi. Kanisani walikuwa na maelezo yao tayari: mguu umepotea kwa sababu mama yake hakungoja. Mke wa nyapara alitupitia kisimani akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo hainipendezi hadi leo, kwa maana asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lilikuwa la mwenzangu. Zakaria alipanda baiskeli yake akarudi Bungoma, akaendelea kuombea watu, na nimekutana na wanaoapa kwamba aliwaponya. Mimi huwauliza maswali mengi mpaka wananichoka.

Baada ya Uhuru tulipata shamba letu Tongaren, na Nafula akaolewa Kanduyi na fundi viatu, mtu mzuri aliyemfanyia mikongojo kwa mikono yake, naye Nafula akamzalia watoto watano. Siku hizi kikapu hakipo tena. Pana jukwaa, vipaza sauti, picha za mhubiri zilizobandikwa kwenye kila nguzo, na redio inayotangaza saa ya miujiza. Wenye kushuhudia hupangwa foleni kabla, na kijana mmoja huwauliza pembeni watasema nini. Naona watu wanaotupa vidonge vyao vya shinikizo la damu na vya sukari, na nyuma ya kila mmoja wao namtafuta yule mtoto aliyewashawishi. Nawatazama wanaoshuhudia, nawatazama hasa macho yao, na mara nyingi namwona mtu anayependa kuwekwa katikati ya mkeka. Pengine wengine wamepona kweli. Sina kipimo. Waombaji ninao hata nyumbani kwangu, nami huwaacha waombe, lakini dawa nameza.

Nafula yeye huenda kila mkutano. Mwaka jana nilimsindikiza, kwa kuwa mwanawe hakuwepo, tukakaa kwenye viti vya plastiki mbele kabisa. Mwanamke alishuhudia kwamba mguu wake mfupi umerefuka. Nafula alipiga makofi mpaka mkongojo ukaanguka. Nilipouokota aliniambia, bila hasira, kama mtu anayekumbuka bei ya chumvi ya zamani: "Ilibaki wiki moja tu, Nekesa. Ungenyamaza wiki moja tu, ningekuwa na mguu yangu." Ningeweza kumwambia juu ya ile rangi ya majivu. Ningeweza kumwambia daktari alisema nini, maana Mama alinisimulia. Badala yake nilimuuliza jambo nililoliogopa tangu utotoni, kama alishanisamehe. Akanishika mkono, akacheka kwa upole wake ule ule. "Wewe nawe! Ule uongo wa siafu? Si nilikusamehe zamani, hata kabla ya hospitali." Kisha mhubiri akaita wagonjwa waje mbele, naye akajiinua. Kuhusu ule ukweli niliousema mbele ya watu hakusema neno, na mimi sikumuuliza.